Nani Arudiane na Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ratiba za Kikapu cha Vyuo

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja, nalo ni jinsi ligi za mpira wa kikapu za vyuo vikuu vya Marekani, ambazo wenyewe huziita konferensi, zinavyopanga mechi zake. Kwa msomaji anayejiunga nasi sasa, itoshe kusema kwamba vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, vimegawanyika katika konferensi zaidi ya 30. Kila timu hucheza mechi za nje ya konferensi mwezi Novemba na Desemba, huendelea na mechi za ligi yake hadi mwanzoni mwa Machi, kisha konferensi humaliza kwa mashindano ya mtoano ambayo bingwa wake hupata tiketi ya mashindano ya taifa. Mashindano hayo yamekuwa na timu 68 tangu mwaka 2011, na tiketi zinazobaki baada ya mabingwa kupata zao hugawiwa na kamati ya uteuzi. Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mfuatiliaji wa konferensi ya Big Ten. Timu yangu hukutana na baadhi ya wapinzani mara mbili na wengine mara moja tu. Ikitokea timu moja ikarudiana na vigogo watatu, na nyingine ikarudiana na vibonde watatu, tutamwitaje bingwa yule aliyepitia njia nyepesi? Na ratiba ya haki ingekuwaje?

JIBU: Malalamiko yako yana msingi, na chanzo chake ni hesabu ambayo hakuna kamishna wa konferensi anayeweza kuikwepa. Ligi ya timu 10 inayocheza nyumbani na ugenini humpa kila mmoja mechi 18, na ligi ya timu 11 humpa mechi 20. Big 12 iliishi hivyo kuanzia msimu wa 2011-12 hadi 2022-23: jina lilisema 12, timu zilikuwa 10, na kila moja ilikutana na wenzake tisa nyumbani na ugenini. Kansas, iliyotwaa ubingwa wa ligi hiyo kwa misimu 14 mfululizo kati ya 2005 na 2018, ilimalizia mfululizo huo katika miaka ambayo hakuna aliyeweza kudai kwamba imebebwa na ratiba. Big East nayo, tangu UConn iliporejea mwaka 2020, ina timu 11 na mechi 20 kwa kila timu, na hesabu inafunga bila kubaki kitu.

Ligi ikinenepa, hesabu huharibika. Timu 14 zingehitaji mechi 26 kila moja, na timu 16 zingehitaji 30. Big Ten, iliyofikisha timu 18 mwaka 2024 baada ya kuzipokea UCLA, USC, Oregon na Washington, ingehitaji 34, ilhali msimu mzima wa kawaida, pamoja na mechi za Novemba na Desemba, ni wa mechi 31 au karibu na hapo. Ndiyo maana Big Ten hucheza mechi 20: kila timu hukutana na wapinzani wote 17, halafu hurudiana na watatu kati yao. SEC, yenye timu 16, hucheza 18 kwa utaratibu huohuo wa kukutana na wote 15 na kurudiana na watatu. Kwa hiyo swali lako, ukiliangalia kwa makini, linahusu hao watatu na nani anayewachagua.

Zipo njia tatu zinazotumika, na mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kuwarudisha watani wa jadi na majirani, kama Indiana na Purdue, Michigan na Michigan State, au UCLA na USC. Mashabiki wanaipenda, safari zinapungua, na kumbi zinajaa. Lakini ukiwa jirani wa timu ambayo haishuki kamwe, utabeba mzigo huo miaka yote. Ya pili ni mzunguko: mwaka huu unarudiana na hawa, mwakani na wale, na baada ya miaka kadhaa kila mmoja atakuwa amerudiana na kila mmoja. Karatasini hii ndiyo yenye haki kuliko zote. Tatizo lake ni kwamba mchezaji wa chuo hana miaka mingi ya kusubiri, na kocha anaweza kufukuzwa kabla mzunguko haujamfikia. Haki inayokamilika baada ya miaka mitano ni haki ya chuo, wala si ya kikosi cha msimu huu. Ya tatu ni kutumia msimamo: timu za juu zirudiane na za juu, za chini na za chini. Televisheni huipenda, kwa sababu mechi kubwa huongezeka, na timu za juu hupata ushindi wenye uzito mbele ya kamati. Hata hivyo, njia hiyo humwadhibu bingwa kwa kumpa ratiba ngumu kuliko wote, na hutegemea msimamo wa mwaka uliopita wakati ambapo vikosi vinabomoka na kujengwa upya kila kiangazi. Tangu mwaka 2021 NCAA iliporuhusu mchezaji kuhama chuo bila kukaa nje msimu mmoja, timu iliyoshika mkia Machi inaweza kuwa tishio Novemba.

Mimi ningetenga nafasi hizo tatu hivi: moja ya mtani wa kudumu, moja ya mpinzani aliyemaliza katika theluthi moja na wewe msimu uliopita, na moja ya mzunguko. Wale wa kukutana nao mara moja tu, uwanja ubadilishwe kila mwaka bila kukosa, na kanuni yote ichapishwe kabla ya msimu. Jambo linalowaudhi mashabiki kuliko kutokuwa na usawa ni kutojua kutokuwa na usawa huko kumetoka wapi.

Zamani ilikuwapo njia nyingine ambayo nadhani ilidharauliwa mapema mno. Big 12 ya awali, iliyokuwa kweli na timu 12, iligawanywa Kaskazini na Kusini; kila timu ilicheza mara mbili na wenzake watano wa kundi lake na mara moja na sita wa kundi la pili, jumla mechi 16. Waliokuwa ndani ya kundi moja walipita karibu njia ileile, kwa hiyo nafasi zao ziliweza kulinganishwa bila ubishi. Ila kundi moja likiwa dhaifu, bingwa wake hutazamwa kwa jicho la shaka, na ligi za timu 16 au 18 zilizotawanyika nchi nzima hazipendi kujigawa tena baada ya kuungana kwa gharama kubwa.

Kuhusu kumwita bingwa, Big Ten yenyewe hutoa jibu la kiungwana: zinazolingana kileleni hushiriki taji. Msimu wa 2019-20 Wisconsin, Michigan State na Maryland zilimaliza zote na ushindi 14 na vipigo 6, na zote tatu zikahesabiwa kuwa mabingwa. Kanuni za kuvunja sare zilitumika kupanga nafasi za mtoano tu. Katika ratiba isiyolingana, nadhani hilo ni sahihi zaidi kuliko kumnyang'anya mtu taji kwa sababu ya mechi ambayo mwenzake hakupangiwa kuicheza.

SWALI: Kaka mhariri, naona baadhi ya konferensi zilipandisha mechi za ligi hadi 20, na sasa nyingine zinarudi 18. Je, kuna idadi iliyo bora?

JIBU: Inategemea ligi inataka nini kutoka kwa kamati ya uteuzi. Big Ten ilipanda kutoka 18 hadi 20 msimu wa 2018-19, na ACC ikafuata 2019-20, mwaka uleule kituo chake cha televisheni kilipoanza kurusha matangazo na kuhitaji mechi za kuonyesha. Msimu wa 2025-26 ACC na Big 12 zimerejea 18. Katika ACC ya timu 18 maana yake ni kwamba kila timu hurudiana na wapinzani wawili, hukutana mara moja na 14, na mmoja hakutani naye kabisa katika mechi za kawaida.

Sababu ya kurudi nyuma ni rahisi kuiona ukiweka namba mezani. Timu 18 zikicheza mechi 20 kila moja, ligi inakuwa na mechi 180, yaani ushindi 180 na vipigo 180. Hakuna kocha anayeweza kuongeza ushindi ndani ya ligi bila kumwongezea mwenzake kipigo. Kwa pamoja ligi daima iko nusu kwa nusu. Mahali pekee ambapo konferensi nzima inaweza kupata faida ni Novemba na Desemba, dhidi ya watu wa nje. Kila mechi ya ligi inayoongezwa huchukua nafasi moja ya aina hiyo.

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha NET, ambacho hupanga timu zote kwa nafasi kulingana na ubora wao. NCAA ilianza kukitumia msimu wa 2018-19 badala ya kipimo cha zamani cha RPI, na hugawanya kila mechi katika madaraja manne kulingana na nafasi ya mpinzani na mahali pa kuchezea. Kumfunga mpinzani wa nafasi ya 1 hadi 30 ukiwa nyumbani ni ushindi wa daraja la kwanza; kwenye uwanja usio wa yeyote daraja hilo hufika nafasi ya 50, na ugenini hufika ya 75. Konferensi iliyoingia Januari ikiwa na rekodi nzuri dhidi ya wengine hubeba timu zake nyingi katika nafasi za juu, na kuanzia hapo karibu kila safari ya ugenini ndani ya ligi ni nafasi ya kupata ushindi wa daraja la kwanza. SEC ya msimu wa 2024-25 ilionyesha hilo: ilicheza mechi 18 za ligi na kuingiza timu 14 kati ya 16 kwenye mashindano ya taifa, rekodi isiyowahi kufikiwa. Msimu huohuo ACC, iliyokuwa na mechi 20, iliingiza nne kati ya 18. Nisieleweke vibaya: mechi mbili pekee haziwezi kuleta tofauti hiyo yote. SEC iliwashinda watu wa nje, na ACC ilishindwa nao. Lakini ligi iliyofanya vibaya Desemba haina namna ya kujiokoa Februari, na ligi yenye mechi nyingi za ndani ina nafasi chache zaidi za kufanya vizuri Desemba.

Kwa konferensi yenye kigogo mmoja, hesabu ni kali zaidi. Ligi ya WCC, nyumbani kwa Gonzaga kwa miaka mingi, ilishuka kutoka mechi 18 hadi 16 msimu wa 2018-19. Zikiwa timu 10, kila moja ilirudiana na wapinzani saba na kukutana mara moja na wawili, na kigogo akaepushwa na mechi ambazo kuzishinda hakumpi kitu na kuzipoteza kunamwangusha.

Ligi ndogo kabisa, zile zinazopata tiketi moja tu, ni habari nyingine, na hoja hizi za kupunguza mechi za ligi hazizihusu. Vyuo vikubwa huvilipa vidogo vije kucheza kwao na ni nadra kurudisha ziara, hivyo kocha wa chuo kidogo hutumia Novemba yake ndani ya ndege na mabasi. Kwake kila mechi ya ligi inayoongezwa ni uhakika wa tarehe ya nyumbani mbele ya mashabiki wake, na ni safari moja pungufu ya kwenda kufungwa kwa malipo. Kamati haitamwangalia mara ya pili hata iweje. Nikiwa kamishna wa ligi kama hiyo yenye timu 11, ningechukua 20 bila kusita.

SWALI: Mhariri, zamani ligi za pwani ya magharibi zilicheza Alhamisi na Jumamosi kwa jozi. Utaratibu huo ulifanyaje kazi, na kwa nini usitumike katika konferensi kubwa za leo?

JIBU: Umenikumbusha utaratibu ninaouona kuwa mzuri kuliko yote iliyowahi kubuniwa katika kikapu cha vyuo. Pac-10 ilikuwa na vyuo 10 vilivyokaa wawili wawili: Washington na Washington State, Oregon na Oregon State, California na Stanford, USC na UCLA, Arizona na Arizona State. Wiki moja jozi moja husafiri kwenda kwa jozi nyingine. Tuseme ni wiki ya vyuo vya Arizona kwenda Los Angeles. Alhamisi Arizona inacheza na USC na Arizona State inacheza na UCLA. Jumamosi wageni wanabadilishana wapinzani. Hakuna aliyehama mji, kila mgeni amecheza mechi mbili kwa safari moja, na (hili ndilo watu husahau) wenyeji wa Jumamosi nao walicheza Alhamisi, kwa hiyo uchovu umegawanywa. Tofauti iliyobaki ni kitanda: mwenyeji amelala kwake. Jozi nne za wapinzani, nyumbani na ugenini, ni mechi 16. Ongeza mbili dhidi ya jirani yako, unapata 18 kamili.

Ivy League yenye vyuo vinane ilifanya vivyo hivyo kwa miongo mingi, ila Ijumaa na Jumamosi, ili wanafunzi wasikose masomo: Harvard na Dartmouth, Yale na Brown, Princeton na Penn, Columbia na Cornell. Wikendi sita za jozi, mechi mbili kila wikendi, jumlisha mbili za jirani, ndizo mechi 14 za ligi. Kucheza usiku mmoja baada ya mwingine ni kazi ngumu. Maandalizi ya mechi ya Jumamosi hufanyika usiku huohuo wa Ijumaa, video zikitazamwa hotelini jasho halijakauka. Na kwa kuwa hadi 2017 Ivy haikuwa na mtoano, bingwa wa ligi alikwenda moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa, ratiba hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu.

Konferensi za leo zimeuvunja utaratibu huu kwa ramani. Angalia Big Ten. Kuna timu nne upande wa Bahari ya Pasifiki na 14 zilizosambaa kutoka Nebraska hadi New Jersey. Timu ya mashariki hukutana na hizo nne mara moja moja kwa kawaida, yaani safari mbili za ugenini hivi, ambazo unaweza kuziunganisha kuwa safari moja: mechi moja UCLA, siku tatu baadaye moja USC, kisha kurudi. Geuza sasa. Oregon ina mechi 10 za ugenini, na hata ikirudiana na majirani wake wote watatu, zisizozidi tatu ndizo zitakuwa pwani ya magharibi. Saba zilizobaki zote ni safari ndefu. Mwaka wote Oregon inalipa, Rutgers inalipa mara moja. Kisha kuna saa: mechi inayoanza saa moja jioni Los Angeles huanza saa nne usiku kwa saa za New Jersey, na inapomalizika mwili wa mchezaji wa Rutgers unaamini ni saa sita usiku. Anayetoka magharibi akicheza saa sita mchana mashariki ana shida hiyo kwa upande wa pili.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba jozi hazijafa; zitumike pale zinapofaa. Kila safari ya kuvuka nchi iwe ya mechi mbili na isizidi wiki moja ya masomo. Timu za pembezoni zipewe safari tatu au nne za namna hiyo badala ya saba za mechi moja moja, na kila safari ifuatwe na mechi ya nyumbani isiyo chini ya siku nne baadaye. Sitetei kabisa mtindo wa msimu wa 2020-21, ambapo kwa sababu ya korona ligi kadhaa, Mountain West na Missouri Valley zikiwamo, zilichezesha timu zilezile mara mbili mahali palepale kwa siku zinazokaribiana. Ulifaa kwa ugonjwa. Kwa ligi haufai, kwa sababu timu ambayo nyota wake ameumia wiki hiyo hupigwa mara mbili na mpinzani yuleyule, na ile hamu ya kusubiri marudiano kwa mwezi mzima inakufa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwa nini timu zote zisicheze nyumbani, ugenini, nyumbani, ugenini hadi mwisho? Na ni nani anayekaa kupanga?

JIBU: Mwalimu, uthibitisho wa kwamba haiwezekani unaweza kuutoa darasani kwa dakika chache. Chukua ligi ya timu nane inayocheza mzunguko mmoja, kila timu ikicheza kila raundi. Mfuatano usiovunjika uko wa aina mbili tu: unaoanza nyumbani na unaoanza ugenini. Timu mbili zikiwa na mfuatano uleule, kila raundi zote mbili ziko nyumbani au zote mbili ziko ugenini, kwa hiyo haziwezi kukutana kamwe. Basi timu zisizovunja mfuatano haziwezi kuzidi mbili, na sita zilizobaki lazima kila moja icheze angalau mara moja mechi mbili mfululizo nyumbani au ugenini. Kwa ligi ya timu 16 idadi hiyo ni 14.

Kupanga nani akutane na nani ndiyo sehemu nyepesi. Waketishe nane kwenye meza ndefu, wanne upande huu na wanne upande ule, kila mtu akimtazama mpinzani wake. Mmoja abaki kitini, wengine wasogee kiti kimoja kila raundi kuizunguka meza. Baada ya raundi saba kila mmoja ametazamana na kila mmoja. Idadi ikiwa witiri, kama Big East ya timu 11, weka kiti kitupu, na anayekitazama anapumzika raundi hiyo.

Ugumu huanza unapoambatanisha majina na masharti. Kumbi nyingi zina wenyewe: Marquette hucheza katika ukumbi wa Milwaukee Bucks, Georgetown katika ukumbi unaotumiwa na timu za NBA na za mpira wa magongo wa barafuni, na St. John's hupeleka mechi zake kubwa Madison Square Garden. BYU haichezi Jumapili. Kipindi cha mitihani cha Desemba huachwa wazi. Kituo cha televisheni cha ESPN kwa miaka mingi kimekuwa na mechi kubwa za Jumatatu usiku, na timu iliyocheza Jumamosi na kupangiwa Jumatatu ina siku moja tu ya kujiandaa, tena pengine ya kusafiri. Halafu Duke na North Carolina lazima zifunge msimu kwa kukutana, la sivyo simu ya konferensi haitanyamaza.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa penseli na kifutio. ACC ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa mabadiliko, kwa sababu ratiba yake ya 1997-98 ilitengenezwa na wataalamu wawili wa hesabu za maamuzi, George Nemhauser wa Georgia Tech na Michael Trick wa Carnegie Mellon. Ligi ilikuwa na timu tisa, mechi 72 na nafasi 18 katika wiki tisa, kila nafasi ikiwa na mechi nne na timu moja ikipumzika. Hawakuanza na mechi. Walianza na mifuatano ya nyumbani na ugenini inayokubalika, wakachagua seti ya mifuatano tisa inayoweza kukaa pamoja, wakapanga mfuatano upi ukutane na upi, na majina ya vyuo wakayaweka mwisho. Kompyuta yao ilihitaji takriban saa 24. Muda mfupi baadaye Martin Henz, kwa mbinu nyingine ya programu, akapata majibu yaleyale kwa chini ya dakika moja. Leo kompyuta hutoa ratiba nyingi halali kwa mpigo, na mabishano yamehamia kwenye masharti yapi yapewe uzito.

Ukiniuliza ya kwangu, ningeweka manne juu ya mengine yote: isizidi mechi mbili mfululizo ugenini, isipokuwa kwa safari moja ya kuvuka nchi, hakuna timu inayoanza ligi na mbili za ugenini au kumaliza nazo, marudiano yasifanyike kabla ya wiki tatu kupita, na asiwepo anayekutana mara kwa mara na wapinzani waliotoka kupumzika siku nyingi huku yeye akiwa amecheza juzi. Hilo la mwisho halionekani kwenye msimamo, na makocha ndio wanaolilalamikia kuliko mashabiki.

SWALI: Je, ingekuwaje kama mechi za mwisho za ligi zingeachwa wazi na kupangwa kwa kufuata msimamo?

JIBU: Conference USA ilifanya hivyo kuanzia msimu wa 2018-19. Zikiwa timu 14, kila moja ilikutana na nyingine zote mara moja na kurudiana na jirani yake wa safari, jumla mechi 14. Kisha msimamo ukakatwa makundi matatu, wa 1 hadi wa 5, wa 6 hadi wa 10, na wa 11 hadi wa 14, na mechi nne za mwisho zikachezwa ndani ya kundi. Lengo lilikuwa kuzipa timu za juu mechi ngumu mwishoni, wakati kamati inaangalia.

Wazo ni zuri, lakini kuna kikwazo kimoja ambacho waandaaji hukigundua wakiwa wamechelewa. Watu hudhani unaweza kutangaza mapema tarehe na mahali, ukaacha jina la mpinzani tu. Haiwezekani. Katika kila raundi ndani ya kundi lazima wenyeji na wageni wawe sawa kwa idadi, na hakuna anayejua mwezi Oktoba ni nani watakaoangukia kundi moja. Watano wa juu wanaweza kujikuta wanne wameandikiwa nyumbani siku moja. Maana yake ni kwamba kila chuo kishikilie ukumbi wake kwa tarehe zote za mechi hizo, na tiketi za ndege zikatwe siku chache kabla ya safari kwa bei ya wakati huo. Chuo chenye ukumbi wake kinaweza. Kinachokodi ukumbi wa timu ya kulipwa hakiwezi.

Kwa hiyo ningependekeza ligi ya timu 12 iliyo tayari kujaribu iache mechi mbili tu, za wiki ya mwisho. Msimamo ukatwe Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Wa kwanza akutane na wa pili na wa tatu, na kuendelea hivyo kushuka katika vikundi vya watatu watatu. Katika kikundi cha watatu kila timu hupata mechi moja nyumbani na moja ugenini, tarehe za kushikilia ukumbi ni tatu tu kwa sababu mmoja hupumzika kila siku ya mechi, na anayemaliza katika kikundi cha kwanza asishuke chini ya nafasi ya tatu hata akipoteza zote mbili.